Kisanduku cha Mwisho

Fomu ya kulaza mgonjwa ina visanduku ishirini na viwili:
presha, joto, uzito, jamaa wa karibu, nani atalipa.
Cha mwisho, chini kabisa, kidogo kama ukucha wa mtoto:
mahitaji ya kiroho.
Wengi wetu huandika "Mkristo", tukafunga faili.
Nami niliandika hivyo miaka sita.

Kwenye semina walituuliza kama hiyo ni kazi ya muuguzi.
Nereah akasimama: "Wagonjwa thelathini na wanane, wauguzi wawili.
Hiyo roho nitaishika kwa mkono upi?"
Tukacheka. Chai ikaletwa.
Yeye hakucheka.

Mzee Nyangweso, kitanda cha tisa, umio umezibwa,
hata mate yake huyameza kwa kuyabembeleza.
"Usiniombee, binti. Nimeombewa hadi nimelowa mafuta.
Keti tu."
Nilikuwa na sinia ya dawa za saa nne.
Niliketi.
Akanihesabia mistari kumi na minne ya miwa
aliyoikata usiku katika shamba la kaka yake, mwaka wa mafuriko,
kisha akalia naye asubuhi, akamsaidia kumlaani mwizi.
"Kaka yuko wapi?"
"Yupo. Muhoroni. Ana simu."
Nikapiga. Salio langu, shilingi kumi na mbili.
Sikujua niziandike kwenye kisanduku kipi.

Halafu yule mhubiri wa viatu vya kung'aa
aliyemwambia Perez kwamba dripu ni imani haba.
Perez akaing'oa kanyula mwenyewe, damu mpaka sakafuni.
Hapo sikuwa mpole.
Nilimsindikiza mhubiri hadi ngazini, na Biblia yake,
nikarudi kutafuta mshipa mwingine.
Mishipa ya Perez imechoka kuliko mimi;
unaugusa, unakimbia.
Nilipoupata akaninong'oneza: "Sista, nawe unaamini?"
Nikasema: "Nyoosha mkono."
Ni miezi minane sasa.
Jibu hilo bado linaniamsha.

Na Bi. Mastura wa Kaloleni,
saratani imeshashuka hadi kwenye mifupa,
mofini kila saa nne, naye akiniomba, kama aombaye chumvi kwa jirani:
"Mwanangu, nigeuze. Nimelala ubavu kwa Kibla."
Nikatazama kitanda, magurudumu yenye kutu,
nikatazama mpira wa oksijeni.
"Kibla ni wapi, mama?"
Akanyanyua kidole. Kaskazini,
dirisha lenye kioo kilichopasuka.

Ilikuwa saa tisa usiku. Mjini umeme ulikuwa umepotea,
jenereta ikikohoa nyuma ya mochari.
Tukaanza kuvuta.
Mpira ukapungua shubiri moja.
Nereah hakusema neno.
Akaishika mitungi miwili, mmoja kila mkono,
kitanda akakisukuma kwa nyonga.

Nikamtilia maji kwenye kikombe cha plastiki,
nikamwosha nyuso, viganja, miguu iliyovimba,
taratibu, kama alivyonielekeza,
mimi mtoto wa Kanisa la Mungu, nikiogopa kukosea hesabu.
Alipofumba macho nikatazama alikotazama yeye.
Giza. Halafu, nyuma ya giza, vilima.
Maragoli.
Njia yake ya Maka ilipita juu ya kwetu,
juu ya mgomba alikozikwa mama
wiki niliyokuwa zamu, nikigeuza akina mama wa watu.

Sikulia. Mofini ya saa kumi ilikuwa inangoja.

Bi. Mastura alizikwa Ijumaa, kwa sanda, bila sanduku.
Katika faili lake, kisanduku cha ishirini na mbili,
nilikuwa nimeandika kwa herufi za kubanana:
*Kitanda kigeuzwe kaskazini. Mpira mrefu uletwe.*
Msimamizi ameuliza hiyo ni dini gani.